Kilometa Mia Moja kutoka Mwigumbi

Lori lilitakiwa kufika Mwigumbi Alhamisi, tarehe 7 Agosti 2025. Mimi na mdogo wangu tulishuka pale na Kosta ya alfajiri kutoka Bariadi, tukiwa na begi la nguo, waya wa mita ishirini, kisanduku chake cha ufundi umeme, na fimbo ya shaba aliyoizungushia gunia isije ikamchoma abiria. Kondakta alituuliza kama tunakwenda kuchimba kisima. Mdogo wangu akamjibu kwamba tunakwenda kupokea gari.

Mwigumbi ni njia panda. Barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza inapita hapo, na ubavuni mwake inachomoka ile inayokuja kwetu Simiyu: kilometa 50.3 hadi Maswa, kisha 49.7 hadi Bariadi. Ukijumlisha unapata mia kamili, na hiyo mia ndiyo niliyokuwa nikiilalia na kuiamkia tangu mwezi wa tano. Lori lilikuwa linapeleka magari Mwanza na mwenyewe hakukubali kuacha njia yake kwa ajili ya gari moja. Kwa hiyo langu lingeshushwa Mwigumbi, na kuanzia hapo ni juu yangu.

Huku kwetu mtu akitoa gari bandarini Dar es Salaam hutafuta dereva, humpa hela ya mafuta na posho, na siku ya pili gari liko uani. Langu halina tangi. Ni Nissan Leaf, toleo la 2018, linakwenda kwa betri peke yake, ya kilowati-saa 40. Kutoka bandarini hadi Shinyanga ni karibu kilometa elfu moja, na sikujua hata kituo kimoja njiani ambacho ningeweza kumwambia dereva, "Lala hapa uchaji, sina wasiwasi." Nikaona bora lipandishwe lori.

Nilikuwa muuguzi mkunga kwa miaka thelathini na moja. Nilipostaafu, sehemu ya kiinua mgongo niliiweka kwenye maduka mawili ya dawa muhimu, moja Bariadi mjini na moja Dutwa, na sehemu nikaiacha kwa ajili ya gari, kwa sababu lile la zamani lilikuwa linanila. Lilikunywa lita kumi kwa kilometa mia, na lita moja hapa kwetu wakati ule ilikuwa karibu shilingi 3,000. Mpwa wa marehemu mume wangu anaendesha bajaji ya umeme Dar es Salaam. Yeye ndiye aliyenionyesha hesabu. Leaf hula kama uniti 16 za LUKU kwa kilometa mia. Kwa bei ya kawaida, kodi zote zikiwa ndani, uniti moja ni kama shilingi 356. Fanya hesabu mwenyewe: hata shilingi 6,000 haifiki.

Mdogo wangu alinitahadharisha jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Nyumba yangu ilikuwa kwenye kundi la matumizi madogo, wale wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo na kodi, mradi wasizidi uniti 75 kwa mwezi. Gari hili litamaliza uniti 75 kwa wiki moja tu. Anayepiga hesabu ya gari la umeme kwa bei ile ya chini anajidanganya. Mimi nilipiga kwa 356 tangu siku ya kwanza, na bado hesabu ya gari ilinipa faida. Kwa siku sizidi kilometa sabini, na usiku gari linalala nyumbani karibu na soketi. Mtu anayekwenda Mwanza na kurudi kila siku nisingemshauri anunue, si kwa sasa.

Basi nikalipa, nikaanza kungoja.

Kungoja kwenyewe sisi watu wa Simiyu hatukuanza jana. Pamba inapandwa mvua za Novemba, inauzwa Juni, na katikati hapo familia nzima inaishi kwa matumaini. Baba yangu alikuwa karani wa chama cha msingi, nami nimekua nikiwaona wakulima wamekaa chini ya mwarobaini wakingoja malipo ya mizani. Lakini ukingoja pamba unaiona shambani, unaipalilia, unaipulizia dawa. Gari lililoko baharini hulioni, wala hulifanyii lolote.

Meli iliondoka Japani mwishoni mwa Mei. Mwanzoni mwa Juni nikasikia habari iliyonikosesha usingizi: meli nyingine, Morning Midas, iliyotoka China kwenda Meksiko na magari kama 3,000, imeshika moto kwenye bahari ya Pasifiki, kusini mwa Alaska. Ndani yake yalikuwamo magari ya umeme kama sabini na mengine mia kadhaa yenye mafuta na betri kwa pamoja. Mabaharia 22 waliokolewa wote. Meli ilizama tarehe 23 Juni. Mdogo wangu akanikumbusha meli ya Fremantle Highway iliyoungua karibu na Uholanzi mwaka 2023. Kila mtu alilaumu magari ya umeme, lakini walipoivuta hadi bandarini, mengi kati ya magari ya umeme yaliyokuwa humo yalionekana hayajaguswa na moto. Sikutaka kubishana juu ya chanzo. Nilichotaka kujua ni kimoja: langu likizama, nani atanilipa?

Hapo ndipo nilipogundua kwamba bima ya gari haianzi barabarani. Tangu Januari 2018 mzigo unaoingizwa nchini unatakiwa ukatiwe bima na kampuni zilizosajiliwa hapa Tanzania. Wakala wangu wa forodha alikuwa ameikata, karatasi ninayo. Nikaisoma usiku ule kwa miwani na tochi ya simu. Ilitaja safari kutoka bandari ya Japani hadi bandari ya Dar es Salaam. Baada ya hapo, kimya. Kumbe gari langu lingekuwa na vipande vitatu vya safari, na kila kipande kinahitaji bima yake: bahari, lori, na magurudumu yake lenyewe.

Wapo watakaosema ni woga wa mama mtu mzima. Nitaeleza unakotoka. Nimepokea majeruhi wa barabarani kwa miaka mingi. Mtu analetwa kwa bodaboda au nyuma ya pikapu, ndugu anakimbilia polisi kutafuta fomu ya PF3, na sisi tunaanza kazi. Siku tatu baadaye linakuja swali la nani atalipa. Mara nyingine gari lililomgonga lilikuwa na stika kwenye kioo, na ukifuatilia unakuta stika yenyewe ilikuwa ya kughushi. Nimeona familia inauza ng'ombe watano kwa sababu ya karatasi ambayo mwenye gari hakutaka kuilipia. Siku hizi namba ya gari inaingizwa kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima na ukweli unaonekana hapo hapo. Nashukuru kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima inayomlinda mtu mwingine atakayeumizwa. Ndiyo tunayoiita bima ndogo, na kwa gari binafsi niliambiwa ni shilingi 118,000 pamoja na VAT. Hiyo haikulipi wewe hata bati moja. Bima kubwa ndiyo inayolinda na gari lako. Wakala wa bima wa Bariadi, kijana mwenye adabu sana, alinipigia hesabu ya asilimia 3.5 ya thamani. Gari langu, na kodi zote, lilikuwa limenifikisha shilingi milioni 26. Asilimia 3.5 ni 910,000, weka VAT ya asilimia 18, unapata 1,073,800.

"Mama," akaniambia, "wengi wanaandika thamani ya chini kidogo. Tukiandika milioni 13 unalipa nusu."

Alikuwa ananionea huruma, najua. Lakini ngoja nieleze kwa nini nilikataa, maana jambo hili limewaumiza wengi. Ukisema gari la milioni 26 lina thamani ya milioni 13, umekata bima ya nusu ya gari. Siku ukipata hasara ya milioni 4, kampuni ina haki ya kukulipa milioni 2 na kukuambia nusu nyingine ulijikatia bima mwenyewe. Watu hutoka pale wakilia kwamba wamedhulumiwa, wakati namba waliiandika wao. Nikaandika 26.

Kisha tukafika kwenye fomu. Uwezo wa injini kwa cc. Namba ya injini. Aina ya mafuta: petroli au dizeli. Kijana akaniangalia, nami nikamwangalia. Gari halina cc. Lina mota, na mota ina namba yake, hiyo tukaiandika penye namba ya injini. Kwenye cc akaweka sifuri. Kwenye mafuta akaandika kwa mkono, pembeni, "umeme".

Nikamuuliza: betri iko wapi kwenye fomu hii?

Haikuwapo. Na betri ndiyo gari lenyewe. Ukitoa betri kwenye Leaf unabaki na viti vizuri, mota na bati. Hakuna kifaa kingine ndani yake kinachoikaribia kwa bei. Tena betri ya gari hili inapozwa kwa hewa tu, haina maji ya kuipoza kama magari mengine ya umeme, hivyo joto huichosha mapema. Mpwa wangu aliipima bandarini kwa kifaa na programu ya simu, akaniambia afya yake ni asilimia 86. Maana yake ni kwamba katika zile 40 za kiwandani, zimebaki kama 34. Ningekata bima ya milioni 26 kwa kitu ambacho sehemu yake kubwa haijatajwa popote?

Nikamwandikia maswali matano ayapeleke makao makuu ya kampuni yao. Betri ikiungua kwa ajali au kwa hitilafu ya umeme wakati wa kuchaji, mnalipa? Maji ya mafuriko yakiingia kwenye betri, mnalipa? Chaja ikiibiwa uani? Gari likikwama porini, mtalibeba juu ya lori au mtalivuta kwa kamba? Hili la nne si dogo: Leaf huvutwa na magurudumu ya mbele, na mota imeungana nayo moja kwa moja. Ukiliburuta huku magurudumu yale yakizunguka chini, mota inazunguka nayo na unaweza kuiunguza. Na la tano: gari likiwa juu ya lori, liko chini ya bima yenu au ya mwenye lori?

Majibu yalichukua siku tisa. Gari lilikuwa limeshatolewa bandarini, limekaa yadi, nami nalipia yadi kila siku. Ndugu walinipigia simu. "Lipa tu, Dada, bima ni stika ya kumwonyesha trafiki." Sikulipa. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iko wazi kwamba bima haianzi mpaka umelipa ada, na nikaona kwamba mpaka nitakapolipa mimi ni mteja wanayemhitaji, na nikishalipa mimi ni mteja waliye naye. Maswali yana nguvu kabla ya risiti.

Siku ya kumi ikaja barua ya ukurasa mmoja. Betri ni sehemu ya gari, nayo inalindwa dhidi ya ajali, moto, wizi na mafuriko sawa na gari. Kuchakaa kwake kwa umri hakulipwi, kama ambavyo tairi likiisha halilipwi. Hilo nililiona ni haki. Chaja italipwa ikiwa imeorodheshwa pamoja na namba yake, tukaiorodhesha. Gari litabebwa, halitaburutwa. Na likiwa juu ya lori ni mzigo, muulize mwenye lori.

Nikamuuliza mwenye lori. Akanitumia picha ya hati yake ya bima ya mizigo. Niliipanua kwenye simu nikaona imekwisha tangu Mei. Nilipomwambia, alikasirika, akasema amebeba magari miaka kumi bila karatasi. Nikamshukuru, nikatafuta mwingine. Ndiyo maana nilikuwa Mwigumbi tarehe 7 Agosti badala ya mwishoni mwa Julai, na sijutii hata siku moja kati ya zile nilizochelewa.

Huyo wa pili hati yake ilikuwa hai, ila lori lake lilipata pancha mbili na Alhamisi ikapita. Tukalala gesti. Ijumaa ilikuwa Nane Nane. Mama lishe mmoja alifungulia redio, tukasikiliza hotuba za maonyesho huku malori ya pamba yakipita yamejaa mpaka yanainama, nyuzi nyeupe zimening'inia kwenye miiba ya kando ya barabara. Mzee mmoja mwenye fimbo na kofia ya pama aliketi karibu nami. "Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma. Nikamwitikia. Akauliza tunangoja nini. Nikamwambia. Akafikiri kwa muda, akauliza kama gari hilo mvua ikinyesha linapiga shoti. Nikamwambia betri imefungwa ndani ya sanduku la chuma lisiloingiza maji kwa kawaida. Akatikisa kichwa. "Wabeja," akashukuru, na akabaki kungoja pamoja nasi mpaka jua lilipozama.

Lori likaja Jumamosi saa tatu asubuhi. Gari langu lilikuwa la nyuma kabisa, jeupe lililogeuka rangi ya kahawia kwa vumbi, namba E mpya kabisa mbele na nyuma. Nilipoliona likishuka mbao mbili bila mngurumo wowote, machozi yalinitoka. Mdogo wangu akaingia, akabonyeza kitufe, akanyamaza.

Tulikubaliana litapakiwa likiwa na chaji asilimia 80. Kioo kilisema 41.

Yadi haikulichaji. Sababu walizonipa kwa simu zilikuwa nyingi, na hakuna hata moja ambayo ingeongeza chaji. Tukakaa kwenye kivuli tukapiga hesabu nyuma ya bahasha ya bima. Asilimia 41 ya kilowati-saa 34 ni kama 14. Ukiendesha taratibu bila kiyoyozi, kilowati-saa moja inakupa kilometa saba hivi. Ni kilometa tisini na kitu, kama kila kitu kitakwenda sawa. Nyumbani ni mia. Maswa ni hamsini.

"Maswa," nikasema. "Tutachaji Maswa."

Tukaligeuza kuelekea kaskazini mashariki saa nne na nusu. Mimi ndiye niliyeshika usukani. Sikutaka mtu mwingine aendeshe kilometa ile ya kwanza. Nilipoanza kazi, njia hii ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Nimewahi kusukuma gari la wagonjwa hapa nikiwa na viatu mkononi. Sasa ni lami. Nilishikilia mwendo wa 60, madirisha nusu wazi. Ukiachia mguu, gari linajizuia lenyewe na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Kila mteremko mdogo nilikuwa naupokea kama zawadi. Kulia na kushoto mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamesimama yakingoja kung'olewa na kuchomwa, mito ya mchanga mtupu, na ng'ombe.

Ng'ombe hao nusura wanifunze somo kwa damu. Karibu na kijiji kimoja watoto wawili walikuwa wanavusha kundi kwenda lambo. Mkubwa alikuwa amenipa mgongo. Gari la kawaida lingesikika kutoka mbali na angegeuka. Mimi nilikuja kimya kama baiskeli. Nikapiga honi, akashtuka, ndama akaruka katikati ya barabara. Nilisimama nikiwa na hatua tatu tu mbele yangu. Gari hili lina sauti yake ndogo ya kuwatahadharisha watu likienda polepole, lakini kwenye upepo wa Simiyu na kengele za ng'ombe haisikiki. Nilishuka, nikampa mtoto pole na maji ya kunywa. Mikono yangu ilitetemeka kwa kilometa nyingi baadaye. Bima ndogo ingemlipa baba yake. Isingeweza kumrudisha mtoto. Tangu siku ile, nikiona mtoto au mnyama mbele, napiga honi mapema na kushuka hadi mwendo wa mtu anayetembea.

Kabla ya Maswa trafiki alitusimamisha. Alikagua leseni, akaingiza namba ya gari kwenye simu yake, akakunja uso. "Mama, bima ipo, ni kubwa, inaisha Agosti mwakani. Lakini hapa injini imeandikwa sifuri." Nikafungua boneti. Alitazama kwa muda mrefu, akaita mwenzake naye atazame, kisha akaniuliza swali ambalo yule wakala angepaswa kuniuliza: "Sasa betri yenyewe iko wapi?" Nikamwonyesha chini ya sakafu. Akatutakia safari njema.

Tuliingia Maswa saa sita kasoro robo tukiwa na asilimia 19.

Hapo fimbo ya shaba ikapata kazi yake. Gesti ya kwanza tuliyoomba, mwenyewe alitukaribisha vizuri, tukachomeka chaja kwenye soketi ya uani, taa nyekundu ikawaka. Chaja ya gari hukataa kufanya kazi kama haioni ethi, na nyumba nyingi kwetu soketi ina matundu matatu lakini waya wa tatu hauendi popote. Ethi ndiyo inayokuokoa siku waya ukigusa bodi ya gari nawe umeshika mlango. Kwa hiyo chaja inapokataa inakupenda. Mafundi wasiojua huichezea wakaidanganya. Mdogo wangu hakuidanganya. Aliomba ruhusa, akachimba kwenye udongo mkavu kama tofali, akapigilia fimbo yote ardhini, akamwaga ndoo tatu za maji na chumvi. Akavuta waya wake mnene moja kwa moja kutoka kwenye swichi kuu, akafunga soketi mpya na kikata umeme chake. Ile ya zamani, alinieleza, ilijengwa kwa redio na pasi. Gari linavuta umeme ule ule wa birika, lakini kwa saa tano mfululizo, na soketi iliyolegea itayeyuka. Saa saba na dakika tano taa ikageuka kijani.

Tukangoja tena. Nilikula ugali na maziwa ya mgando. Niliwanunulia wajukuu pakiti ya chaki za Maswa, zile zinazotengenezwa hapa hapa wilayani. Kila nusu saa mdogo wangu alishika soketi kwa kiganja kupima joto. Watoto waliokuja kuangalia walikuwa wanasoma asilimia kwa sauti: ishirini na tano, thelathini, thelathini na nane. Ilipofika 50, saa kumi na mbili kasoro robo, tukachomoa. Tulikuwa tumeandika namba ya mita ya LUKU kabla na baada: uniti 11.8, kama shilingi 4,200. Nikampa mwenye gesti 10,000, na ile fimbo tukamwachia ardhini pamoja na soketi. Sasa Maswa kuna mahali pamoja pa kuchajia gari la umeme ninapopajua kwa macho yangu.

Kilometa 49.7 za mwisho tuliziendesha jua likizama nyuma ya bega la kushoto. Taa za Bariadi zilionekana saa moja kasoro. Tukaingia getini na asilimia 27, mama mkwe wangu amesimama na taa ya mkononi, kwa sababu hakusikia gari, aliona mwanga tu.

Tangu siku hiyo limekwenda Dutwa na kurudi mara nyingi na halijanisumbua. Barua ya ukurasa mmoja nimeiweka kwenye plastiki, ndani ya kisanduku cha gari, karibu na kadi ya usajili. Ninaiona ndiyo bima yangu hasa, kwa sababu fomu yenyewe haikubadilika. Kwa hiyo nawaomba wenye kampuni za bima, na Mamlaka inayowasimamia: magari haya yanakuja, yatafika hata Meatu na Itilima. Ongezeni kwenye fomu mstari mmoja wa ukubwa wa betri kwa kilowati-saa na afya yake siku ya kukata bima, ili siku ya hasara mteja na kampuni wasibishane juu ya kitu ambacho hakuna aliyekiandika.